Dodoma hadi Dar kwa ndege: kilomita 390, lakini dakika ngapi?

Ukitafuta umbali wa anga kati ya Dodoma na Dar es Salaam utaletewa namba nyingi: 389, 242, 210, wakati mwingine 450. Tatu za kwanza hazijakosewa. Ya kwanza ni kilomita za mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja, ya pili ni maili za kawaida, ya tatu ni maili za baharini ambazo marubani na waongoza ndege huzitumia, na ya nne ni kilomita za barabara zilizoingizwa mahali pasipo pake. Tatizo huanza pale mtu anapochukua mojawapo, akaigawa kwa mwendo wa ndege aliousikia mahali fulani, akapata dakika 28, kisha akashangaa kwa nini tiketi inasema saa moja na dakika kumi.

Tuanze na umbali, kwa kuwa ndio mwepesi. Kila uwanja una anwani yake duniani kwa latitudo na longitudo. Uwanja wa ndege wa Dodoma, ule uliomo ndani ya mji, uko nyuzi 6 dakika 10 kusini na nyuzi 35 dakika 45 mashariki. Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko nyuzi 6 dakika 53 kusini na nyuzi 39 dakika 12 mashariki. Dakika hizi si za saa. Kila uzi mmoja una dakika 60, na dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Ndiyo maana watu wa anga hawajaiacha maili hiyo: ukiwa na ramani, umbali unausoma pembeni bila kukokotoa chochote.

Sasa chukua kalamu. Tofauti ya latitudo kati ya viwanja hivi viwili ni dakika 43. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 3 na dakika 27, sawa na dakika 207. Longitudo hubanana kadiri unavyoondoka ikweta, kwa hiyo hizo 207 unazipunguza kidogo. Kwa latitudo yetu unazidisha kwa 0.99 na ushei, unabaki na 206 hivi. Hapo una pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja 43, mwingine 206. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Inakuja 210. Hizo ni maili za baharini, na ukizidisha kwa 1.852 unapata karibu kilomita 390.

Njia hii ya pembetatu inatosha kabisa kwa safari za ndani ya Tanzania kwa sababu tuko karibu na ikweta na umbali ni mfupi. Kwa Dodoma na Mwanza inakupa kama kilomita 520. Kwa Dodoma na Kilimanjaro, kama 340. Kwa Dar na Mwanza, kama 850. Ukitaka Dar hadi London au Guangzhou, iache. Huko lazima utumie hesabu ya tufe, maana mstari mfupi zaidi juu ya mpira si ule unaoonekana umenyooka kwenye ramani ya ukutani.

Tofauti ndogo ndogo za kilomita moja au mbili kati ya kikokotoo kimoja na kingine zisikusumbue. Kimoja kinaichukulia dunia kuwa mpira kamili wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, kingine kinakumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha. Tofauti kubwa, kwa mfano kilomita kumi au ishirini, kwa kawaida inatokana na jambo jingine: kikokotoo kimepima katikati ya mji hadi katikati ya mji, au kimechukua katikati ya mkoa mzima wa Dodoma. Ili kukwepa hilo, andika alama za viwanja vyenyewe, DOD na DAR, badala ya majina ya miji.

Barabara ni ndefu zaidi kwa sababu inazunguka. Kutoka Dar inapita Chalinze, inaelekea kusini-magharibi hadi Morogoro, kisha inageukia kaskazini-magharibi kuelekea Gairo na Kibaigwa ndipo iingie Dodoma, jumla yake kama kilomita 450. Mstari wa anga nao unapita karibu na Chalinze, lakini baada ya hapo unauacha mji wa Morogoro upande wa kusini kwa kama kilomita 30, unavuka milima ya Ukaguru na kupita jirani na Mpwapwa. Abiria aliyekaa dirisha la kushoto akielekea Dodoma siku isiyo na mawingu anaweza kuiona milima ya Uluguru vizuri. Huko juu ya Ukaguru ndiko ndege nyingi hutikisika mchana, hasa joto linapokuwa limepanda, kwa sababu hewa inayopanda miteremko inagongana na upepo.

Hata hizo kilomita 390 ndege haizipiti kwa unyoofu wa rula. Inaruka kuelekea upande wa upepo, inageuka, inashika njia iliyopangwa, inakwepa wingu la radi, inapanga foleni ya kutua. Kwenye safari fupi, mizunguko hiyo inaongeza umbali kwa asilimia inayoonekana. Kilomita 20 za kuzunguka si kitu kwa anayekwenda Dubai. Kwa anayekwenda Dodoma ni sehemu moja ya ishirini ya safari yote.

Muda: saa inaanza kuhesabiwa wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Muda ulioandikwa kwenye ratiba si muda wa kuwa angani. Unaanza pale ndege inapoachia breki na kuondoka kwenye maegesho, na unaisha pale inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Katikati kuna kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa, kuruka, kupanda, kwenda, kushuka, kujipanga, kutua na kutembea tena. Pale Dar, kutembea ardhini pekee kunaweza kula dakika tano hadi kumi, na zaidi kama kuna ndege mbili tatu mbele yako. Dodoma ni uwanja mdogo, mara nyingi dakika tatu hadi tano zinatosha.

Baada ya hapo kuna suala la kupanda na kushuka, na kwa maoni yetu hili ndilo linaloeleza karibu kila kitu kuhusu safari fupi. Chukua ndege ya pangaboi ya aina ya Q400, ambayo wengi wetu tunaiita Bombardier, ikitoka Dar kuelekea Dodoma kwa kimo cha futi 20,000. Kupanda hadi kimo hicho kunachukua kama dakika 12 hadi 14, na wakati huo imeshapita maili za baharini 45 hivi, kwa mwendo ulio chini ya ule wa kawaida. Kushuka kuna kanuni ya makadirio ambayo marubani duniani kote huitumia: maili tatu kwa kila futi 1,000 za kushuka. Uwanja wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa futi 3,673, yaani kama mita 1,120, kwa hiyo zinazobaki kushuka ni futi 16,300 hivi. Mara tatu: maili 49. Ongeza chache za kupunguza mwendo. Kati ya maili 210 za safari yote, zilizobaki kwa mwendo kamili ni kama 110. Nusu ya safari, basi.

Hii ndiyo sababu kubadili ndege kuwa jeti hakuleti nafuu ambayo mtu angeitegemea. Airbus A220 ina mwendo wa kilomita 800 na zaidi kwa saa, Q400 inakwenda kama 650, ATR 72 kama 500, na Cessna Caravan yenye injini moja kama 300 na ushei. Ukitaka makadirio ya haraka, gawa umbali kwa mwendo huo kisha ongeza dakika za ardhini, kupanda na kushuka: 30 kwa jeti, 25 kwa Q400, kama 22 kwa ATR, na 15 kwa Caravan. Kwa Dodoma na Dar unapata dakika 58 kwa jeti, 61 kwa Q400, 69 kwa ATR na takriban 90 kwa Caravan. Jeti yenye mwendo mkubwa kuliko Q400 kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa imeokoa dakika tatu. Kwa Dar na Mwanza hesabu hiyo hiyo inaokoa dakika kumi na kitu, na hapo jeti inaanza kuleta maana.

Mashirika huongeza dakika chache za akiba juu ya hesabu hii ili ndege isionekane imechelewa kwa kila jambo dogo. Ndiyo maana ratiba za njia hii huangukia kati ya saa moja na saa moja na robo hivi, na ndiyo maana pia abiria anaweza kuondoka amechelewa dakika kumi na bado akafika kwa wakati ulioandikwa.

Upepo, na ujanja wa njia ya kurukia

Anga ya Tanzania kwa sehemu kubwa ya mwaka ina upepo unaotoka upande wa mashariki: kusi ukitokea kusini-mashariki, kaskazi ukitokea kaskazini-mashariki. Anayetoka Dar kwenda Dodoma anasukumwa mgongoni, anayerudi anaupokea usoni. Tuseme ndege inakata hewa kwa maili za baharini 300 kwa saa na upepo ni maili 20. Kwenda, inapita juu ya ardhi kwa 320 na inamaliza maili 210 kwa dakika 39. Kurudi, inapita kwa 280 na inatumia dakika 45. Bila upepo zingekuwa 42 kila upande. Angalia kwamba jumla ya kwenda na kurudi penye upepo ni 84 na nukta chache, si 84 kamili: upepo wa usoni hukaa na wewe muda mrefu zaidi kuliko ule wa mgongoni, hivyo hasara haifidiwi yote. Kwenye safari fupi hii ni sekunde. Kwenye safari ya saa kumi ni mafuta ya pesa nyingi.

Ungetegemea basi kwamba kwenda Dodoma ni haraka kuliko kurudi. Mara nyingi tofauti haionekani, na sababu iko ardhini. Njia ya kurukia ya Dodoma imelala mashariki-magharibi, imeandikwa 09 upande mmoja na 27 upande wa pili, yaani nyuzi 90 na nyuzi 270 za dira. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Upepo wa Dodoma ukitoka mashariki, ndege inayokuja kutoka Dar inalazimika kuupita mji, kwenda magharibi, kugeuka na kurudi ikitazama ilikotoka ndipo itue. Hapo zimekwenda dakika tano au zaidi, na abiria mgeni huanza kujiuliza kama rubani ameupoteza uwanja. Wakati wa kuondoka ni kinyume: ndege inaruka ikielekea mashariki, tayari imeshika uelekeo wa Dar, haina haja ya kugeuka. Dakika ambazo upepo ulikupa juu, njia ya kurukia imezichukua chini, na kinyume chake.

Kimo nacho kinabadilika kwa upande. Ndege zinazoelekea mashariki hupewa vimo vyenye maelfu ya witiri, kama futi 19,000 au 21,000, na zinazoelekea magharibi hupewa shufwa, 18,000 au 20,000, ili zinazopishana zisiwe kimo kimoja.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mawingu yake makubwa hujengeka mchana. Wingu la radi haliingiwi. Rubani hulizunguka kwa umbali wa maili kadhaa, na likikaa juu ya uwanja husubiri kwa kuzunguka angani. Ndege hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, na ya kuzunguka nusu saa juu ya hapo. Kwa anayekwenda Dodoma, uwanja wa akiba unaweza kuwa Kilimanjaro au Dar yenyewe. Ukisikia ndege imefika juu ya Dodoma ikarudi Dar, ujue mafuta ya kusubiri yalifika mpaka wake huku hali ya hewa haijabadilika. Asubuhi ni salama zaidi kwa mtu mwenye kikao kisichosubiri.

Joto lina hesabu yake. Kwa kimo cha Dodoma, hewa ya kawaida ya vitabu ingekuwa na nyuzi 8 hivi za Selsiasi. Siku ya Novemba yenye nyuzi 31, kuna ziada ya nyuzi 23, na kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuuinua uwanja kwa futi 120. Ndege inajiona iko futi 6,400 badala ya 3,673. Mabawa yanapata hewa nyepesi, injini inapata hewa nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Ikiwa njia haitoshi kwa uzito huo, kinachopunguzwa ni uzito, na mizigo ndiyo hutangulia kushushwa. Kwa njia ya Dar tatizo hili halibani sana kwa sababu mafuta yanayohitajika ni machache. Lingebana kweli kama jeti ingejazwa mafuta ya safari ndefu alasiri ya joto. Uwanja mpya wa Msalato, ulioko kaskazini ya mji kwenye barabara ya Arusha, umepangwa kuwa na njia ya kurukia ya mita 3,600, na urefu huo una maana zaidi ukiufikiria pamoja na joto na mwinuko.

Saa ya tiketi na saa ya mkononi

Tanzania nzima iko kwenye saa moja, masaa matatu mbele ya saa ya Greenwich, kwa hiyo Dodoma na Dar hakuna cha kurekebisha. Kinachokosesha watu ndege ni mpangilio wa saa 24. Tiketi ikiandika 14:30, toa sita: saa 8:30 mchana. 18:45 ni saa 12:45 jioni. Ikiandika 06:00, ni saa 12 kamili asubuhi, na ukifika saa 6 mchana ndege imeshakwenda na kurudi. Lakini muda wa safari usiutoe sita. Palipoandikwa 1:10 kwenye safu ya muda ni saa moja na dakika kumi za kukaa ndani ya ndege.

Mtego mbaya zaidi ni usiku wa manane. Tiketi ya Jumapili saa 00:30 ni saa 6:30 usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Anayeunganisha ndege ya nje Dar na kupanga kutoka Dodoma Jumapili asubuhi amechelewa kwa nusu siku. Kwa safari za nje kumbuka pia kwamba muda wa kufika huandikwa kwa saa ya huko: ukiondoka Dar 16:00 na tiketi ikaonyesha kufika Dubai 22:30, safari si saa sita na nusu bali tano na nusu, kwa kuwa Dubai wako saa moja mbele yetu.

Kuunganisha kupitia Dar kunageuza umbali wote. Dodoma na Mwanza ni kilomita 520 kwa mstari, lakini ukipitia Dar unasafiri 390 kisha 850, jumla 1,240. Dodoma na Kilimanjaro ni 340 kwa mstari. Kupitia Dar ni kama 840. Kabla ya kulipa, angalia kama njia ina kituo katikati, ni cha muda gani, na jengo la abiria ni lile lile. Kama ni tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha. Kama ni tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri, na unachukua begi lako na kuanza upya kaunta. Kwa tiketi mbili za ndani tungeacha saa tatu. Kwa ya pili kuwa ya nje, tano, na wakati wa mvua tungesafiri siku moja kabla.

Mlango hadi mlango

Bado swali ambalo watu wa Dodoma wanaliuliza zaidi tangu treni ya SGR ianze kufika mjini hapa mwaka 2024: ndege au treni? Hesabu ya ndege kwa mtu wa katikati ya mji ni kama hivi. Bajaji hadi uwanjani, dakika 15. Kufika mapema, dakika 90. Kaunta nyingi za safari za ndani hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla ya kuondoka, na hazifunguliwi tena kwa maombi. Safari yenyewe 70. Kushuka na kuchukua begi 25. Barabara ya Nyerere hadi Posta, dakika 40 usiku na hata 90 jioni ya foleni, tuseme 60. Jumla ni dakika 260, saa nne na dakika ishirini, na ndani yake muda wa kuwa angani haufiki hata robo.

Treni ya haraka, yenye mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, inatumia chini ya saa nne na inakushusha katikati ya Dar. Ukiongeza muda wa kufika stesheni mapema na wa kutoka, kwa mtu anayekwenda Kariakoo au Posta vinakaribiana sana, na bei ndiyo itaamua. Kwa anayekwenda kuunganisha ndege pale pale Nyerere, ndege inashinda kwa sababu ile saa ya barabarani inafutika. Basi kutoka stendi ya Nanenane linatumia takriban saa saba hadi tisa, lakini lina faida moja ambayo vingine havina: ukikosa la saa 12 asubuhi, kuna lingine. Msalato ikianza kutumika, ile bajaji ya dakika 15 itakuwa gari la zaidi ya kilomita kumi kutoka katikati ya mji, kwa hiyo jumla ya ndege ipandishe kwa dakika 15 hadi 20.